Mumeo Hana Wivu, Umemwanika Mama Yake

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mke na mama wa watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Naishi Kimara, Dar es Salaam. Naandika hadithi za mapenzi na kuzituma kwenye magrupu ya WhatsApp, msomaji analipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwezi ukiwa mzuri napata hadi laki nne. Juzi nimemaliza riwaya yangu ya tatu, maneno 65,000. Mchapaji amesema nakala 300 ni milioni 1.8. Nilimwomba mume wangu tutoe kwenye akiba ya ada ya Januari, nitarudisha nikiuza. Amekataa kabisa. Huyu mwanaume ana wivu na mafanikio yangu. Zamani alikuwa anasoma kila sehemu kabla sijaituma, siku hizi hataki hata kusikia. Desemba iliyopita tukienda kwao Rombo alininunia kuanzia Chalinze mpaka Same kwa sababu tu nilikuwa naandika kwenye simu. Safari hii anasema nikienda, simu ya kazi ibaki Dar. Mama mkwe naye hapokei simu zangu tangu nilipotuma sehemu ya 43, eti kuna mtu kijijini alimsomea. Sijui nimemkosea nini. Nimekuambatanishia uisome. Nafikiria nisiende Krismasi, nibaki nishughulikie kitabu changu. Nishauri. — Mwandishi, Kimara.*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa riwaya ya tatu. Wanaoanza ni wengi, wanaofika maneno 65,000 huku wanafua na kupika ni wachache. Pongezi hizo nakupa kwa moyo wote. Sasa tuongee.

Barua umeipanga kiufundi. Jambo zito umeliweka karibu na mwisho, ukalifunika kwa "sijui nimemkosea nini". Unajua. Asiyejua hataji namba ya sehemu, wala haambatanishi.

Nimeisoma sehemu ya 43 mara mbili. Kuna mama mjane, umemhamisha kutoka Rombo ukampeleka Machame, anakata kipande cha kihamba, shamba la ukoo, na kukiuza kimyakimya ili kulipa deni la kitinda mimba wake. Pesa anaificha kwenye kopo la Kimbo chini ya gunia la mahindi. Usiku anazihesabu kwa kidole alicholowesha mate, jicho moja likiwa mlangoni, na mkwewe anamwona. Mwanangu, hilo kopo hukulibuni. Hadithi yako yote wahusika wanatumiana pesa kwa simu, ila huyu mama peke yake ana kopo na gunia. Aliyekaa kwenye jiko hilo akaona ni wewe, au mama mwenyewe alikuamini akakusimulia.

Umeolewa Uchaggani, kwa hiyo unaelewa kihamba ni nini. Hapo ndipo ilipo migomba, kahawa na makaburi ya wazee, na kwa mila anayebaki na boma la wazazi ni mtoto wa kiume wa mwisho. Mama kukata kihamba bila ukoo kujua, tena kwa deni la huyohuyo aliyetarajiwa kukirithi, ni aibu ambayo mtu anaweza kufa nayo moyoni. Alikupa wewe, mke wa mwanawe. Wewe ukaipeleka kwa watu waliolipa shilingi 2,000. Kisha unashangaa hapokei simu!

Mumeo hana wivu. Mwanaume mwenye wivu na kazi ya mkewe hakai kumsomea sehemu arobaini na mbili na kumsahihishia. Huyo alikuwa mhariri wako wa kwanza, na hukumlipa hata senti. Aliacha kusoma lini? Hukusema, lakini tarehe ya sehemu ya 43 unayo kwenye simu, kailinganishe. Na anaposema simu ya kazi ibaki Dar, anaogopa kukupeleka tena kwenye jiko la mama yake ukachote mengine. Hajakutamkia kwa sababu kulitamka ni kukiri kwamba mama aliuza. Amenyamaza kumlinda mama yake, na kidogo kukulinda wewe mbele ya dada zake.

Turudi kwenye safari ile ya Rombo. Kutoka Chalinze hadi Same ni zaidi ya kilomita 300, mwendo wa saa nyingi. Mtoto wako wakati huo alikuwa na miaka miwili. Nani alikuwa amempakata? Nani alishuka naye Korogwe kumpeleka chooni na kumtafutia cha kula? Kama ungekuwa wewe, ungeniandikia, maana hukuacha kunihesabia ulichofanya. Kununa kwa mtu aliyepakata mtoto kutwa nzima huku mwenzake anaandika mabusu ya watu wengine, mimi sikuiti wivu.

Na hili nawaambia wote wanaosoma hapa, si huyu peke yake. Ndoa za siku hizi zimeingiliwa na hadhira. Zamani mke akigombana na mume alijua shoga yake mmoja na jirani wa kushoto. Leo kabla chakula hakijapoa mezani, watu mia mbili wameshajua na wameshatoa hukumu. Waume nao wapo, wanarekodi wake zao wakilia wanaweka mtandaoni. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Walimaanisha kwamba aliye ndani kabisa ndiye anayejua, na walitegemea atanyamaza. Kwa mwandishi jambo hili ni kali zaidi, kwa sababu ana kipaji cha kukifanya kilichofichika kionekane. Kipaji hicho kinahitaji mipaka, na kuiweka mipaka ni kazi yako wewe, wasomaji hawatakuwekea.

Haya, cha kufanya. Kule kwenye magrupu huwezi tena kufuta, WhatsApp inaruhusu kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na ushee tu, na nakala zimeshasambazwa. Usitoe tangazo refu la kuomba radhi, utawapa sababu wale ambao hawakuelewa waanze kuuliza ni nani. Kwenye mswada wa kitabu, andika sehemu hiyo upya.

Namna ya kuiandika upya ni hii, na ishike kwa kila mhusika unayemchota kwa watu wa karibu. Kubadili jina na wilaya hakufichi chochote, maana watu hawatambuani kwa majina, wanatambuana kwa tukio na kwa vitu. Chukua hisia tu: mzazi anayejinyima heshima yake kwa ajili ya mtoto. Vingine vyote tupa. Mhusika awe baba, awe fundi cherehani wa Tabora, auze mashine yake badala ya ardhi, deni liwe la hospitali na lisiwe la mtoto mlevi. Idadi ya watoto ibadilike, mwisho ubadilike. Kopo litoke, gunia litoke, kidole chenye mate kitoke, hata kama ndiyo sentensi nzuri kuliko zote ulizoandika mwaka huu. Halafu mpe mtu anayemjua mama mkwe asome, bila kumwambia chochote, umuulize huyu mhusika anamkumbusha nani. Akitaja jina, rudia. Utagundua pia kwamba hadithi imekuwa bora, kwa sababu sasa unalazimika kubuni sababu za mtu kutenda, na kabla ya hapo ulikuwa unanakili.

Kwenda Krismasi utakwenda. Ukibaki Dar mwaka huu, ukoo mzima utakuwa umepata uthibitisho. Ila usiende mikono mitupu na maneno ya "nisamehe kama nilikukosea". Neno "kama" hilo litoe kabisa. Kwao mumeo, Uchaggani, kuna jani la isale. Likipelekwa kuomba msamaha, aliyekosewa hana desturi ya kulikataa. Lakini usilichume ukalibeba mwenyewe kama mtu aliyeona kwenye video. Kaa na mumeo kabla ya safari, mwambie kwa kinywa chako, "Nilimtoa mama hadharani, nilikosa." Yeye atajua ni mzee gani wa ukoo au shangazi yupi awatangulie, na kama mbele ya mawifi au faragha. Mimi nasema faragha, maana ukiomba radhi mbele ya watu ishirini utakuwa umeitangaza siri mara ya pili. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.

Simu ya kazi ibaki, mumeo ana haki. Na wasomaji wako wasikose hata siku moja. Tuseme unatuma sehemu tatu kwa wiki. Kwa safari ya wiki mbili na nusu unahitaji sehemu nane tayari, weka kumi na mbili, kwa sababu mtoto ataumwa au mtabaki hadi baada ya mwaka mpya. Sehemu ya maneno 1,200 kwa mwandishi wa kasi yako ni kama saa mbili na nusu pamoja na kusahihisha, kwa hiyo ni saa thelathini za kazi. Ukianza wiki sita kabla ya safari ni saa tano kwa wiki, asubuhi watoto wakiwa bado wamelala. Zikabidhi kwa admini mmoja unayemwamini, zikiwa na namba na tarehe ya kutumwa juu ya kila moja. Kama unatumia orodha ya matangazo badala ya grupu, kumbuka orodha moja haizidi watu 256, na asiyekuwa na namba yako kwenye simu yake hapokei. Hapo ndipo malalamiko ya "sijatumiwa na nimelipa" huanzia. Admini lazima awe na majina ya waliolipa.

Sasa pesa. Nitasema neno moja kwa ajili yako: kipato chako cha hadithi ni chako. Sheria ya Ndoa ya 1971 haikukupokonya mali yako kwa sababu umeolewa, na mumeo akianza kudai akutunzie hizo laki nne, niandikie tena. Lakini akiba ya ada ni ya watoto, na hesabu yako ni mbovu. Laki nne gawa kwa 2,000 ni wasomaji 200. Unataka kuchapa nakala 300. Hao mia moja wa ziada ni akina nani? Na si kila anayetoa 2,000 atatoa 15,000 ya kitabu. Wakinunua nusu yao, yaani mia, utabaki na vitabu 200 chini ya kitanda, na hao mia wakilipa 15,000 ni milioni 1.5, ada bado ina pengo la laki tatu. Mumeo aliiona hesabu hii. Ukiwapelekea wenye maduka, wengi hukata asilimia 30 hadi 40, na hulipa baada ya kuuza.

Chapa nakala 100 kwa mashine ya kidijitali. Hata kila moja ikipanda hadi 9,000, jumla ni laki tisa, na hiyo inatimia wasomaji 60 wakilipia mapema 15,000. Wasipofika 60, warudishie pesa zao na usichape. Muswada mpe mhariri wa kulipwa kabla ya kusanifu kurasa. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, ila sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa kuwa anayekuibia sehemu zako akizifanya PDF utahitaji ushahidi. Kama una ndoto ya tuzo za miswada, soma masharti kwanza, maana kazi iliyokwisha kugawiwa magrupuni inaweza kuhesabiwa kuwa imeshatoka.

Kava lisitengenezwe kabla hujajua idadi ya kurasa. Kitabu cha A5 hubeba kama maneno 250 kwa ukurasa, wewe utafika kurasa 260 na ushee, na kwa karatasi ya gramu 80 mgongo utakuwa karibu milimita 13. Fundi akikisia 10, jina la mgongoni linapanda mbele. Dai nakala moja ya mfano, ifungue katikati mpaka ilale, uone kama gundi inaachia kurasa. Ikiachia, usilipe salio.

Na usiuze mwanzoni mwa Januari. Wasomaji wako nao wana ada. Fungua oda tarehe 25 Januari mishahara ikitoka, funga tarehe 3 Februari, uchapaji uwe umekwisha tarehe 10. Vifurushi vya Mwanza na Mbeya vipande basi tarehe 11, vya Dar vimalizike tarehe 13, kitabu cha mapenzi kiwe mikononi mwa watu siku ya wapendanao.