Wasifu wa Marehemu Askari na Zimamoto: Ushauri kwa Anayeandika Mara ya Kwanza

Ukikabidhiwa kuandika wasifu wa marehemu aliyelitumikia jeshi, akahamia zimamoto, na muda wote huo akalea familia, usikimbilie kalamu. Omba kwanza karatasi zake. Iliyo muhimu kupita zote ni hati ya kuachishwa jeshi, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha tarehe ya kuingia na kutoka, cheo cha mwisho, kikosi na nishani. Nakili kama ilivyo, hata kama shemeji au binamu anakumbuka vingine.

Makosa mengi huzaliwa kwenye vyeo. Kuna nchi ambako kapteni ni cheo cha jeshini na pia cha zimamoto, hivyo mtu aliyetoka jeshini akiwa koplo huishia kusomwa kapteni wa jeshi kwa sababu wenzake wa zimamoto walimwita hivyo. Askari wenzake waliokaa viti vya mbele watalisikia kosa hilo papo hapo. Vilevile, kuhudumu wakati wa vita si sawa na kupigana vitani. Kama alikuwa fundi wa magari ya jeshi nyuma ya mstari wa mapambano, andika hivyo, kwani kazi hiyo ina heshima yake kamili.

Jalada lisipopatikana, usihukumu kwamba marehemu alidanganya. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 ya wanajeshi wa zamani katika ghala la kumbukumbu la St. Louis, Marekani, na familia nyingi zilibaki bila ushahidi rasmi. Tafuta barua alizotuma nyumbani, hati za malipo, na maandishi nyuma ya picha. Kisichothibitika kiache nje.

Kwa upande wa zimamoto, uliza mambo mahususi: aliajiriwa au alijitolea? Alikuwa dereva, mwendesha pampu, au wa kuingia ndani na mtungi wa hewa mgongoni? Alifundisha wapya? Kumbuka kwamba katika vikosi vingi sehemu kubwa ya miito si moto, ni wagonjwa na ajali za barabarani. Kwa hiyo "aliokoa mamia ya watu" ni sentensi ya kuogopa, maana hakuna aliyehesabu, na marehemu mwenyewe pengine asingeitamka. Waliookolewa pia usiwataje majina bila ruhusa yao, kwani siku yake ya ujasiri huenda ndiyo iliyokuwa siku yao mbaya kuliko zote.

Kama alifariki kwa saratani, familia itauliza kama waandike kuwa kazi ndiyo iliyomuua. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hata hivyo uamuzi huo ni wa kazi kwa ujumla, hausemi nini kilitokea katika mwili wake. Bila neno la daktari, andika ugonjwa na miaka aliyohudumu, basi.

Sehemu ya familia ndiyo inayoandikwa vibaya zaidi, kwa sababu kila mtu anadhani ni rahisi. "Alikuwa baba mwenye upendo" humfaa marehemu yeyote. Usiwaulize watoto alikuwa mtu wa namna gani. Waulize: akirudi kutoka zamu asubuhi, alifanya nini kwanza? Hapo ndipo utaambiwa kwamba aliacha buti nje ya mlango, akanawa masizi shingoni, kisha akakagua madaftari yao kabla hajalala. Sentensi moja ya namna hiyo inabeba zaidi ya aya nzima ya sifa.

Orodha ya majina isomwe na watu wawili wa pande tofauti za familia. Kumsahau mtu, hasa mtoto wa kambo au mtoto aliyetangulia mbele ya haki, huumiza familia kwa miaka. Na kama wasifu utasambazwa kwenye simu, ondoa tarehe kamili ya kuzaliwa, namba za hati na mahali nyumba ilipo. Wezi hujua saa ya mazishi nyumba huwa tupu.

Lenga maneno 500, ambayo yakisomwa taratibu huchukua kama dakika 5. Chapa kwa herufi kubwa, mistari iachane, na kila sentensi iishie kwenye ukurasa ilikoanzia. Chora mstari chini ya majina magumu. Toa nakala ya pili kwa mtu atakayesimama hatua moja nyuma ya msomaji, akiwa anafuata kwa kidole, ili sauti ikikatika kwenye jina la mjukuu yeye aendeleze kuanzia hapohapo.