Acha kujitengenezea mlango: kuingia kwa watumiaji kwenye programu ya Java

Mtu wa kwanza kuingia kila asubuhi alikuwa anakataliwa. Anaandika jina, anaandika nywila, ukurasa unamrudishia kosa la seva, na hali inabaki hivyo mpaka niiwashe upya Tomcat, seva inayoendesha programu yangu ya Java. Nilihangaika karibu wiki nzima kabla sijaelewa. MySQL, hifadhidata yangu, isipobadilishwa mipangilio, hukata muunganisho uliokaa bila kazi kwa sekunde 28,800, yaani saa 8. Mimi nilikuwa nimefungua muunganisho mmoja tu, nimeuweka static (mmoja kwa wote) ndani ya sevuleti yangu, yaani darasa la Java linalopokea maombi ya kivinjari, na programu nzima inautegemea. Usiku hakuna anayeingia, kwa hiyo kukicha muunganisho umeshakufa na sevuleti haina habari.

Wiki iliyofuata mtumiaji mwenye ng' katika jina lake akashindwa kujisajili. Ile alama ndogo ilikuwa inayafunga mapema maandishi ya SQL (lugha ya kuiagiza hifadhidata) niliyokuwa nayaunganisha kwa alama ya kujumlisha. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Ikiwa ng' ya mtu asiye na nia mbaya inaivunja amri yangu, basi mwenye nia mbaya angeandika ' OR '1'='1 na kupita bila kujua nywila ya mtu yeyote. Dawa yake inajulikana: PreparedStatement yenye alama za kuulizia zinazoshika nafasi ya data, ili data isisomwe kama amri, kila mahali na kila siku. Lakini swali lililonikaa kichwani lilikuwa jingine. Nimekosea mara mbili katika msimbo wa mistari kama arobaini. Je, yapo mangapi ambayo bado sijayaona?

Ndiyo maana leo, mtu akiniuliza namna ya kuandika kuingia kwa watumiaji kwenye programu ya Java, namwambia asiiandike. Amwachie seva au fremuweki (msimbo tayari wa kujengea programu) kazi ya kulinda mlango, na nguvu zake azielekeze kwenye mambo mawili ambayo hakuna atakayemfanyia: majedwali yake yawe sahihi, na nywila za watu zihifadhiwe kwa heshima. Ukitumia Spring Security, njia ipo. Ukiwa kwenye seva za Jakarta EE, ipo pia. Mimi nitaeleza ya Tomcat kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo.

Kiungo kinachokagua majina na nywila, Tomcat inakiita Realm. Kilikuwepo cha zamani, JDBCRealm, na bado utakikuta kwenye mafunzo mengi. Achana nacho. Kilitumia muunganisho mmoja kwa watu wote, nao wakawa wanapanga foleni kuthibitishwa, na Tomcat 10 imekiondoa kabisa. Kinachofaa ni DataSourceRealm, kinachochota miunganisho kutoka kwenye akiba inayosimamiwa na Tomcat yenyewe. Akiba hiyo hupima kama muunganisho uko hai kabla ya kuutoa, kwa hiyo lile tatizo langu la asubuhi liliisha siku nilipohamia huku.

Majedwali ni mawili. La kwanza, watumiaji, lina safuwima jina na nywila. La pili, majukumu, lina jina na jukumu, safumlalo moja kwa kila jukumu alilonalo mtu. Zingatia kwamba safuwima ya jina la mtumiaji lazima iitwe vilevile katika majedwali yote mawili, kwa sababu Realm inapokea jina moja tu la safuwima hiyo. Niliwahi kuita moja jina na nyingine mtumiaji, nikashangaa kwa nini majukumu hayasomeki. Kisha kwenye META-INF/context.xml, faili la mipangilio ya programu, weka hivi:

<Resource name="jdbc/watumiaji" auth="Container"
  type="javax.sql.DataSource"
  driverClassName="com.mysql.cj.jdbc.Driver"
  url="jdbc:mysql://localhost:3306/programu"
  username="msomaji" password="..." />

<Realm className="org.apache.catalina.realm.LockOutRealm">
  <Realm className="org.apache.catalina.realm.DataSourceRealm"
    dataSourceName="jdbc/watumiaji" localDataSource="true"
    userTable="watumiaji" userNameCol="jina" userCredCol="nywila"
    userRoleTable="majukumu" roleNameCol="jukumu">
    <CredentialHandler
      className="org.apache.catalina.realm.SecretKeyCredentialHandler"
      algorithm="PBKDF2WithHmacSHA256" iterations="600000"
      saltLength="32" keyLength="256" />
  </Realm>
</Realm>

Tazama vizuri localDataSource="true". Neno hilo moja limenila usiku mzima. Usipoliweka, Tomcat hutafuta Resource yako kwenye orodha ya seva nzima iliyo katika server.xml, haiioni, na inalalamika kwamba jina halijafungwa popote. Wewe unaliona jina hapo hapo, mistari michache juu, limeandikwa sawasawa, na unaanza kushuku vitu visivyohusika. Na faili la jar la draiva (msimbo unaoiunganisha Java na MySQL) liweke kwenye folda ya lib ya Tomcat, maana akiba ya miunganisho inatengenezwa na seva, haitengenezwi na programu yako.

LockOutRealm iliyozunguka nje hufungia jina kwa sekunde 300 baada ya kukosea mara 5. Hizo ni namba zake za kuanzia, na kwangu zimetosha.

Sasa nywila. Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu kosa la hapa halikuumizi wewe tu. Watu hurudia nywila ileile kwenye barua pepe, benki, na kila mahali. Jedwali lako likivuja, kilichovuja ni funguo za nyumba za watu wengine. Kwa hiyo nywila yenyewe haihifadhiwi kamwe. Kinachohifadhiwa ni heshi yake, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye nywila na isiyoweza kugeuzwa kuwa nywila tena, na heshi hiyo iwe na chumvi, yaani maandishi ya bahati nasibu ya kila mtumiaji peke yake, ili watu wawili wenye nywila moja wasifanane kwenye jedwali. Tena iwe ya polepole kwa makusudi. SHA-256 tupu, njia ya kawaida ya kukokotoa heshi, ilitengenezwa iwe ya haraka, na haraka hiyo ndiyo anayoitaka mtu anayekisia nywila kwa mabilioni. PBKDF2, njia inayorudia hesabu ya heshi mara nyingi, ikiwa na marudio 600,000 humfanya mtumiaji wako asubiri sehemu ndogo ya sekunde mara moja, ilhali mkisiaji anasubiri hivyo kwa kila jaribio.

Nilikuwa na akaunti za zamani zenye SHA-256 bila chumvi. Nikataka kuhamia PBKDF2 bila kumsumbua mtu. Tomcat ina NestedCredentialHandler, inayobeba vithibitishaji zaidi ya kimoja: kikishindwa cha kwanza kinajaribiwa cha pili. Nikaweka kipya mbele na cha zamani nyuma. Waliokuwepo wakaendelea kuingia. Waliojisajili siku hiyo, hata mmoja hakuweza.

Siku mbili. Nilifungua jedwali mara kadhaa na kila kitu kilionekana sawa: safumlalo za zamani zina herufi 64, za wapya zina herufi 64, zote zimechanganyika tarakimu na herufi a hadi f. Nilipotulia na kuhesabu ndipo nikaona. PBKDF2 ya Tomcat huandika sehemu tatu zilizotenganishwa na alama ya dola: chumvi, idadi ya marudio, kisha heshi. Chumvi ya baiti 32 ni herufi 64. Jumla nzima, kwa mipangilio ile ya juu, ni herufi 136. Safuwima yangu ilikuwa VARCHAR(64), yaani nafasi ya herufi 64, kipimo sahihi kabisa cha SHA-256, na kwenye hifadhidata ile hali ya ukali (strict mode), inayokataa data isiyotosha kwenye safuwima, ilikuwa imezimwa, hivyo MySQL ikakata kilichozidi na kuacha onyo ambalo msimbo wangu haukulisoma. Kilichobaki kwenye jedwali kilikuwa chumvi tupu. Hakuna hata herufi moja ya heshi iliyosalia, na kwa mbali huwezi kuitofautisha na SHA-256. Wale watumiaji wapya ilibidi niwaombe radhi mmoja mmoja na kuwaomba waweke nywila upya, kwa sababu kilichokatwa hakirudi.

Kwa hiyo fanya safuwima ya nywila VARCHAR(255) kuanzia siku ya kwanza, na usizime hali ya ukali, ambayo kwenye MySQL huwa imewashwa tangu toleo la 5.7. Na kabla ya kuruhusu mtu yeyote, tengeneza heshi moja kwa mkono kwa digest.sh iliyo kwenye folda ya bin, iweke kwenye jedwali, isome tena kwa SELECT LENGTH(nywila), na uone namba unayoitarajia. Msimbo wa usajili utumie darasa lilelile la SecretKeyCredentialHandler, kupitia mbinu yake ya mutate inayotengeneza heshi, kwa mipangilio ileile. Ukiandika heshi yako pembeni kwa mkono, siku moja zitatofautiana.

Upande wa web.xml, faili jingine la mipangilio ya programu, ni mwepesi: security-constraint (kurasa zipi zinalindwa), login-config ya aina ya FORM (namna ya kuingia), na ukurasa wenye fomu inayotuma kwa j_security_check ikiwa na j_username na j_password. Majina hayo hayabadilishwi. Kuna jambo moja linalowashangaza wengi. Ukilinda /* yote, faili la CSS la ukurasa wa kuingia nalo linalindwa. Ukurasa unatokea bila mapambo, na mtu akishafanikiwa kuingia anapelekwa kwenye CSS yenyewe, kwa sababu Tomcat hukumbuka ombi la mwisho lililozuiwa na kulirudia. Weka CSS na picha kwenye folda isiyolindwa. Na ukiona mtu anaingia vizuri kisha anapata kosa la 403, yaani hana ruhusa, usiguse nywila: jukumu lake kwenye jedwali halilingani na lile lililoandikwa kwenye web.xml, mara nyingi kwa herufi kubwa na ndogo tu.

Mengine ni mafupi lakini usiyaruke. Yote yapite kwenye HTTPS, na kuki ya kikao iwekewe Secure, isitumwe nje ya HTTPS. Ujumbe wa kukosea uwe mmoja, iwe jina halipo au nywila si sahihi, la sivyo unamwambia mgeni nani ana akaunti kwako. Mtumiaji wa hifadhidata anayetumiwa na Realm apewe SELECT (ruhusa ya kusoma tu) kwenye majedwali hayo mawili na basi. Usajili utumie wake tofauti.

Zile akaunti za zamani nilizihamisha hivi. Kwa muda niliweka sevuleti yangu inayopokea fomu na kuita request.login(jina, nywila), inayopatikana tangu Servlet 3.0. Uthibitisho bado unafanywa na Tomcat, ila kwa dakika hiyo nywila ninayo mkononi. Akipita, na heshi yake bado ina herufi 64, natengeneza mpya na kuibadilisha palepale bila yeye kujua. Baada ya miezi michache nikahesabu waliobaki kwa WHERE LENGTH(nywila) = 64, nikafuta heshi zao na kuwatumia barua pepe ya kuweka nywila mpya. Kisha nikatoa NestedCredentialHandler kwenye context.xml na kukiacha PBKDF2 peke yake.