Shingo na Kifua Vilivyoungua kwa Jua: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimezungumzia sehemu moja ya mwili, yaani shingo na sehemu ya juu ya kifua, pale ambapo kola ya nguo huishia na jua hupata nafasi. Nimechagua nne. Kwa wote walioandika jua linahusika, lakini maradhi yao si mamoja, na dawa inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwenzake.

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 52, nauza mboga kando ya barabara hapa Morogoro tangu wanangu wakiwa wadogo. Uso wangu hauna shida, ila shingo na kifua vimekuwa vyeusi kuliko mwili mzima, ngozi imekakamaa na ina vidoa vidogo vidogo. Zamani nilipaka mkorogo, lakini nimeacha. Binti yangu anaolewa mwezi ujao, na fundi wa saluni anasema atanipaka asidi ya kumenya ngozi ili iwe laini kabla ya sherehe. Nikubali?

Mama, hongera kwa kumwoza binti, na nakuomba sana usikubali. Ngozi inapomenywa kwa asidi, au inapoungua kwa namna yoyote, ngozi mpya huota kutokana na chembe hai zilizomo ndani ya vishimo vya vinyweleo na tezi za mafuta. Usoni vishimo hivyo ni vingi mno, ndiyo maana uso hupona haraka. Shingoni na kifuani ni vichache na ngozi yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo asidi ambayo uso ungeistahimili inaweza kuacha kovu shingoni. Isitoshe, katikati ya kifua ni mojawapo ya sehemu ambazo watu weusi huota makovu ya kuvimba, yale yanayoitwa keloidi, ambayo huendelea kukua hata baada ya kidonda kufunga. Na hata kama kovu lisipotokea, ngozi nyeusi iliyochokozwa hujibu kwa kuzidi kuwa nyeusi, na weusi huo hukaa kwa miezi. Ungekwenda harusini ukiwa na shingo mbaya kuliko uliyo nayo leo.

Kabla ya kuzungumzia dawa, naomba usimame mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha, upitishe kidole taratibu juu ya yale madoa. Mikorogo mingi huwa na haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki, na ndiyo sababu vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya. Haidrokwinoni ikipakwa kwa miaka mingi chini ya jua kali huweza kuacha vipele vigumu vyenye weusi wa kuelekea bluu, ambavyo kidole huvihisi kama punje za mchanga. Ukivikuta, elewa kwamba krimu nyingine ya kung’arisha itaviongeza, haitaviondoa, na hapo ni lazima uonwe na daktari wa ngozi. Ikiwa ulichokikuta ni weusi mnene wenye ulaini wa mahameli, hasa kisogoni na kwapani, hilo huenda halihusiani na jua hata kidogo, maana mara nyingi ni dalili ya uzito uliozidi na sukari inayoanza kupanda. Pima sukari.

Ikiwa ni jua lenyewe, tiba ipo, ila haina haraka. Msingi wake ni kuikinga ngozi isiendelee kuchomwa, kwa sababu hakuna krimu inayoshindana na jua la kila siku la barabarani. Kanga iliyokunjwa mara mbili na kufunika shingo hadi kifuani inakinga vizuri kuliko losheni nyingi, nayo unayo tayari. Kwa sehemu isiyofunikika, tumia losheni ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, na kwa ngozi nyeusi chagua ile yenye rangi ya udongo, kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao nao hukoleza madoa. Kosa ninaloliona kila siku kliniki ni kupaka kidogo mno. Uso na shingo pamoja vinahitaji kiasi cha kijiko cha chai kilichojaa, kifua kinahitaji kingine, kisha unarudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje au umetoka jasho.

Usiku unaweza kuanza asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20, ambayo ni salama kwa ngozi nyeusi. Daktari anaweza kukuongezea tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A, iliyo hafifu, ya asilimia 0.025, lakini shingoni tunaianza kila baada ya siku mbili au tatu, kiasi cha punje ya njegere kwa shingo nzima, na anayetarajia kupata mimba haigusi kabisa. Mabadiliko huanza kuonekana kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Kwa ajili ya sherehe, paka mafuta mgando mara tu unapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mikunjo italainika na ile hali ya kukakamaa itapungua. Limau, dawa ya meno na magadi viache jikoni na bafuni. Maji ya limau yakikauka shingoni kisha ukatoka juani, yanaunguza ngozi hadi kutoa malengelenge.

Shikamoo Daktari. Nina miaka 24, nina ualbino, na ninaanika dagaa na ndugu zangu Ukerewe. Kisogoni na kifuani nina magamba makavu yanayobanduka na kurudi. Moja lililo chini ya sikio limekuwa kidonda tangu Pasaka na hutoa damu nikioga. Je, nipake nini?

Marahaba, kijana wangu. Kwa kile kidonda usipake kitu chochote, wala dawa ya miti shamba, wala krimu ya duka la dawa. Panda kivuko wiki hii uende Mwanza, katika Hospitali ya Bugando, ukaonwe. Kidonda kilichokaa zaidi ya mwezi bila kufunga na kinachovuja damu kwa kuguswa tu, kwa mtu mwenye ualbino, huchukuliwa kuwa ni saratani ya ngozi hadi uchunguzi uthibitishe vingine. Watakukata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara. Nakuandikia hivi si kwa kukutisha, bali kwa sababu saratani hii ikiwahiwa hukatwa yote kwa ganzi ya sehemu tu, na mtu akarudi nyumbani amepona. Wanaoteseka ni wale waliosubiri mpaka tezi za shingo zikavimba na kuwa ngumu. Papasa shingo yako leo, na kama kuna uvimbe, mwambie daktari hata asipouliza.

Yale magamba makavu mengine ni hatua inayotangulia. Si saratani, ila ngozi ya hapo imekwisha kuharibika na baadhi yake huweza kugeuka. Yakiwa machache, yanapulizwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sekunde chache. Panauma, panatoa lengelenge, kisha gaga linadondoka. Yakiwa mengi, hutumika krimu ya florourasili ya asilimia 5, inayopakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne. Hii naieleza kwa urefu kwa kuwa wengi huiacha njiani. Baada ya siku kadhaa ngozi inakuwa nyekundu, inachubuka na kuwasha moto, na mgonjwa hudhani dawa inamdhuru, kumbe dawa inatafuta chembe zilizoharibika, hata zile zisizoonekana kwa macho. Muda ukitimia unaacha, na ngozi hujifunga yenyewe. Shingoni huchelewa kupona kuliko usoni, na katika kipindi chote hicho jua halitakiwi kukugusa.

Ninajua dagaa hawakauki bila jua, na siwezi kukuambia uache riziki yako. Zungumza na ndugu zako mgawane kazi, wewe uwatandaze alfajiri na kuwaanua jioni, wao wawageuze mchana, maana mionzi ni mikali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na mchanga na maji huirudisha kutoka chini hata ukiwa umevaa kofia. Kofia ya kepu haikingi shingo wala masikio. Vaa ya ukingo mpana pande zote, au ushonee kepu yako kipande cha kitenge kinachofunika kisogo na masikio. Shati liwe la mikono mirefu na kola ya kusimamisha. Ukiwa mnadani kwenye mitumba, liinue shati kuelekea juani: ukiona mwanga umepenya kati ya nyuzi, hata mionzi itapenya, kwa hiyo lirudishe. Na shati la pamba likilowa maji ya ziwa, kinga yake hupungua sana.

Losheni pia ni haki yako. Moshi, katika Hospitali ya KCMC, ambako tangu 1992 kuna kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi, hutengenezwa losheni ya Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino. Ukifika kliniki, uliza utaipataje karibu na kwenu. Kuna anayeweza kukuambia losheni ni anasa ya Wazungu. Katika mji wa Nambour nchini Australia, watu zaidi ya 1,600 walifuatiliwa kuanzia 1992, na waliopangiwa kupaka losheni kila siku walipata uvimbe wa saratani ya aina hii ninayoihofia kwako pungufu kwa takriban asilimia 40. Hao walikuwa na melanini kidogo mwilini, yaani ile rangi ya ngozi inayokinga jua. Wewe huna kinga hata hiyo.

Asalaam aleikum, Daktari. Mimi ni mwenye asili ya Unguja, naishi Maskati, nina miaka 60, na ngozi yangu ni nyeupe kidogo. Pande mbili za shingo zimekuwa na mchanganyiko wa wekundu na hudhurungi, zaidi upande wa kushoto. Chini ya kidevu hapana kitu. Hospitali moja ya binafsi inanishauri leza.

Waaleikum salaam, Bwana. Umeeleza vizuri kiasi kwamba ugonjwa unajitaja wenyewe. Daktari Mfaransa Achille Civatte aliuelezea katika miaka ya 1920 na bado unabeba jina lake: ngozi ya pande za shingo hukonda, vijishipa vya damu hujitokeza na madoa ya hudhurungi huchanganyika navyo, huku chini ya kidevu, ambako daima kuna kivuli, pakibaki salama. Upande wa kushoto umezidi kwa sababu huko mliko dereva huketi kushoto, na mionzi ya aina ya A hupenya kioo cha dirisha la gari. Mionzi hiyo haisababishi maumivu, ndiyo maana mtu haioni mpaka ifanye kazi yake kwa miaka.

Jambo la pili ni manukato. Kishada cha dishdasha, kanzu ya huko Omani, huchovywa marashi na kukaa hapo shingoni mchana kutwa, na baadhi ya mafuta mazuri, hasa yenye maganda ya jamii ya machungwa, huifanya ngozi iungue upesi ikipigwa na jua. Tia manukato kwenye kitambaa cha pindo au mgongoni mwa nguo, yasiguse shingo, kisha paka losheni ya jua kila asubuhi kabla ya kushika usukani.

Kuhusu leza, inaweza kupunguza wekundu huo, na kwa ngozi nyeupe sana hufanya vizuri. Kwa ngozi yenye asili ya Kiafrika, hata ikiwa nyeupe kidogo, leza na taa za aina hiyo zinaweza kuunguza na kuacha mistari ya weupe au weusi. Usikatae moja kwa moja. Waulize wamewahi kutibu ngozi za rangi kama yako mara ngapi, uombe wakujaribie sehemu ndogo iliyofichika, na usubiri kama wiki sita hadi nane uone. Wakikataa kujaribu kwanza, tafuta kwingine.

Daktari, mume wangu yuko mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu. Shingo yake imezungukwa na ukanda mweusi unaochubuka, kama amevaa mkufu, na mikono nayo imekuwa hivyo. Siku hizi anaharisha na anasahausahau. Majirani hapa Dodoma wanasema ni jua la shamba. Chakula chetu ni ugali na mlenda.

Dada, jua limechangia, lakini chanzo kiko ndani ya mwili. Mkufu huo ni dalili ya pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini iitwayo naiasini. Mganga wa Kihispania, Gaspar Casal, aliuona kwa wakulima wa Asturias katika karne ya 18, na hadi leo ukanda huo wa shingoni huitwa mkufu wa Casal. Mahindi yana naiasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua vizuri, na isoniazidi, mojawapo ya dawa anazomeza mumeo, huuzuia mwili kujitengenezea nyingine. Ngozi iliyokosa vitamini hiyo huungua kwa jua la kawaida kabisa.

Usimwachishe dawa za kifua kikuu. Kesho asubuhi mpeleke kituo anakochukulia dawa, mkiwa na kadi yake, na uwaambie mambo matatu kwa pamoja: shingo, kuharisha na kusahau. Kusahau ndiko kunakonipa hofu, kwa sababu pelagra ikiachwa hushambulia akili na huua, ilhali vidonge vya nikotinamidi, ambayo ni aina ya naiasini hiyo hiyo, ni vya bei nafuu na kwa kawaida huanza kuleta nafuu ndani ya siku chache. Nyumbani mwongezee karanga, maharage, samaki au kuku kila mnapoweza, shingo uipake mafuta mgando tu, na asirudi shambani mpaka ngozi ifunge.