Kabla ya kuchora bango, uliza degedege ni nini

Vijana wanaotaka kufanya utafiti wa masoko ya kijamii, yaani kutumia mbinu za biashara kueneza bidhaa na tabia za afya, na mabadiliko ya tabia huniuliza kwanza wasome shahada gani. Afya ya jamii, sosholojia, biashara, zote zinafaa. Kinachonipa wasiwasi ni kitu kingine: wanataka kuandika ujumbe kabla hawajajua ugonjwa wenyewe unaitwaje kule wanakokwenda.

Nilijifunza hilo Bonde la Kilombero, Tanzania. Nilikuwa na dodoso refu, neno malaria limejaa kila ukurasa. Bibi mmoja alinijibu huku akipepeta mchele: malaria huletwa na mbu, chandarua huzuia. Nikatia vema kila kisanduku. Nilipofunga daftari akaniambia mjukuu wake alifariki masika iliyopita. Nikauliza, kwa malaria, bibi?

"Hapana, mwanangu. Ile ilikuwa degedege."

Kwake malaria ilikuwa homa ya kumeza vidonge ikaisha. Degedege, ile homa ya mtoto inayokuja na mitukutiko, ambayo hospitalini mara nyingi ni malaria kali, kwake ilikuwa ya kupelekwa kwa mganga, na mbu hakuhusika kabisa. Majibu yake yote yalikuwa sahihi, na kifo cha mtoto hakikuwa na mahali pa kuandikwa kwenye karatasi zangu. Bado inaniuma, kwa sababu watafiti waliofanya kazi Bagamoyo walikuwa wameshaliandika jambo hilo miaka ya 1990. Sikuwa nimewasoma. Wewe wasome kabla hujapanda basi.

Bonde hilohilo lina mfano mzuri wa kazi hii. Mradi wa KINET, ulioanza mwaka 1996 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliuza vyandarua na dawa ya kuvichovya kwa jina la Zuia Mbu, jina ambalo hata mtoto aliyetumwa dukani analishika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulihusisha vyandarua vyenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka 4.

Lakini usihesabu vilivyouzwa ukadhani umehesabu vinavyotumika. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia shambani wiki nyingi, zikilala kwenye madungu kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Chandarua kimoja, nyumba mbili. Na fedha hupatikana baada ya mavuno, wakati mbu wameshauma masika nzima. Ukienda na bei yako mwezi wa Februari, mama atakusikiliza kwa heshima, kisha atanunua chumvi.

Kwa hiyo nenda msimu wa kilimo, na uende jioni. Mchana utaonyeshwa chandarua kilichokunjwa vizuri ndani ya mfuko wake. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji ruhusa mapema, vaa mikono mirefu, chukua tochi, halafu ukae hadi watoto walale uone wanalala wapi.