Barua kwa mwanangu: mto usiosikika

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, nasi huku Tanga hatujambo. Umeniuliza mbona mto wa hapo Cambridge, Uingereza, hautembei, umetulia kama bwawa, na maji yake yanatoka wapi wakati hakuna mlima. Miaka ile niliyofanya uuguzi huko, huo mto Cam ulikuwa jirani yangu, kwa hiyo umemuuliza mwenyewe.

Unatembea, mwanangu, ila nchi ni tambarare mno. Wewe umezoea Pangani, unaoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru. Cam huanza kimya. Mkono mmoja, uitwao Rhee, unatoka chemchemi za Ashwell kule Hertfordshire. Mwingine unatoka Essex. Hukutana kabla ya kufika Grantchester. Chini ya ardhi kuna mwamba wa chokaa, mweupe na laini kama chaki, unaokunywa mvua za kipupwe na kuzitoa kidogo kidogo penye chemchemi. Ndiyo maana maji hayo hububujika maangavu, na ubaridi wake ni ule ule mwaka mzima, kama nyuzi 10.

Hapo mjini, utulivu umeongezwa na mikono ya watu. Maji yamezuiwa penye Mill Pool, na tena kwenye lango la maji la Jesus Lock, ndipo vijana wanapata kusukuma mashua bapa kwa pondo. Tazama pondo likichomolewa: ncha yake hutoka na tope jeusi, na mapovu hupanda nyuma yake.

Siku ukipata nafasi, fuata mto kwenda chini, upite malango ya maji ya Baits Bite na Bottisham. Huko utastaajabu. Nilisimama juu ya tuta, mto kushoto, shamba kulia, na shamba lilikuwa chini kuliko maji! Zamani ilikuwa kinamasi. Walipoikausha karne ya 17, udongo ule mweusi ulisinyaa, nchi ikabonyea, na sasa pampu ndizo zinazopandisha maji kutoka mitaroni hadi mtoni. Kabla ya mji wa Ely, Cam unaingia mto Great Ouse. Huko Denver kuna mlango mkubwa wa kuzuia maji ya bahari yasipande. Wa kwanza ulijengwa 1651. Kisha mji wa King's Lynn, kisha bahari.

Lakini linalonikaa moyoni ni hili: maji ya bomba unayopikia chai yanavutwa kutoka mwamba ule ule unaoulisha mto. Mji ukizidi kuvuta, chemchemi hupungua, na mto hauna akiba nyingine. Karibu na hospitali niliyofanyia kazi kuna chemchemi ziitwazo Nine Wells, zilizopeleka maji mjini kwa mfereji tangu miaka ya 1610. Katika ukame wa 1976 zilikauka. Maji yalirudi, lakini viumbe wadogo adimu waliokuwa wakiishi katika ubaridi ule walikuwa wameshatoweka.

Nilikuwa nikipita hapo nikitoka zamu ya usiku, chini ya miti, nikichuchumaa kutazama mchanga mweupe ukichezacheza pale maji yanapochomoza. Mara moja nilimwona mdiria akipita, rangi ya buluu tu, akaisha.

Nenda asubuhi, utumbukize mkono. Kisha uniandikie kama mchanga bado unacheza.

Mama yako