Kumsaidia mzazi kwenye kituo cha kura ya mapema Marekani

Ndugu, umeuliza kama unaweza kumsaidia mama yako mwenye uoni hafifu kwenye kituo cha kura ya mapema huko Marekani, au ni lazima asaidiwe na wasimamizi. Unaweza. Kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa mwaka 1982, kinampa mpiga kura asiyeona, mwenye ulemavu au asiyejua kusoma na kuandika haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, ilimradi mtu huyo si mwajiri wake, wakala wa mwajiri, wala kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Baadhi ya majimbo, kama Texas, humtaka msaidizi ale kiapo.

Msomee karatasi yote, kisha uweke alama pale anapokuelekeza yeye, hata kama chaguo lake linakukera. Hapo ndipo watoto wengi hujisahau. Muulize pia kama angependelea mashine yenye sauti, ambayo sheria ya mwaka 2002 huitaka iwepo vituoni katika uchaguzi wa shirikisho, kwani kwa njia hiyo atapiga kura bila hata wewe kujua alichochagua. Asipoweza kushuka garini, majimbo kadhaa, yakiwemo Texas na North Carolina, humruhusu apigie kura humo humo.