Nani aliyechimba mashimo?

Wete, Pemba

Mwanangu,

Waalaykumu salamu. Unasema watoto wa darasa lako huko mjini Unguja wanasinzia ukiwaandikisha notisi za historia, na unaniuliza mimi miaka 29 niliwezaje bila ya kuchoka.

Nilichoka, mama. Na mimi mwanzo nilikuwa nikijaza ubao mpaka chaki inaniingia puani. Siku moja nasomesha kimbunga cha 1872: kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba kikatupitia kando, bei ikapanda, wenye mali wakaja kupanda huku. Kitabu kilisema "mashamba yakapanuka". Kijana mmoja wa nyuma, sijapata kumsikia sauti, akanyosha mkono: "Mwalimu, nani aliyechimba mashimo?"

Nikanyamaza. Soko la watumwa la Mkunazini, hapo mjini kwenu, lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897. Miaka hiyo ya katikati ndipo mikarafuu ilipoenea Pemba. Hesabu mwenyewe.

Nikawatuma wakaulize wazee wao. Hapo nilikosea. Asubuhi yake babu wa yule kijana akaja skuli, kiti nikampa, hakukaa. "Unatafuta nini katika ukoo wangu?" Nikamwomba radhi. Lakini mjukuu wake hakunyosha mkono tena mpaka alipomaliza, na hilo linaniuma hadi leo.

Tangu hapo nasaba sikuuliza tena, niliuliza kazi. Nani alipanda juu ya mkarafuu, nani aliokota chini, nani alichambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, usiku, pishi moja ililipwa nini? Wazee wakisimulia kazi hawajifichi, na mengine huyaingiza wenyewe bila ya kuulizwa.

Wewe huna mikarafuu hapo, lakini watoto wako wanapita Darajani kila siku. Waulize daraja liko wapi. Na mtaa wa Ng'ambo ni ng'ambo ya nini, mbona maji hawayaoni? Waache wabishane mpaka atokee wa kusema bibi yake alimwambia pale palikuwa na mkono wa bahari, ukafukiwa. Ndipo uwape notisi. Usiziache kabisa, mtihani wa taifa hauna huruma, na mkaguzi atataka kuyaona madaftari.

Kuhusu hilo uliloniandikia, la kuacha darasa uhamie ofisini, tutazungumza ukija. Karafuu za jamvini zishaanza kupiga wekundu na wingu limetanda upande wa bahari, wacha nikaziingize ndani.

Mama yako